Muulize Fundi: Jua, Upepo na Umeme wa Nyumbani

Barua nyingi za safari hii zinahusu mifumo inayochanganya sola na upepo. Tumechagua sita. Tumeweka tarakimu zote wazi ili kila msomaji aziondoe na kuweka za nyumba yake.

Mtambo wa kilowati 1 na paneli mbili ndogo: nitoe pesa?

*Mafundi, salamu kutoka Njoro. Nina taa nane, televisheni ya inchi 32, friji ndogo, kompyuta ya mkononi, ruta ya intaneti na pampu ya kupandisha maji tangini. Muuzaji amenishauri ninunue mtambo wa upepo wa kilowati 1, paneli mbili za wati 150 na betri mbili za gari. Anasema upepo huvuma usiku na mchana, kwa hiyo paneli nyingi ni hasara. Niambieni kabla sijatoa pesa. – Baba Wawili, Njoro*

Baba Wawili, zishike pesa zako kwanza tupige hesabu.

Zidisha wati za kila kifaa kwa saa unazokitumia kwa siku. Taa nane za LED za wati 9 kwa saa 5 ni wati-saa 360. Televisheni ya wati 50 kwa saa 5, 250. King'amuzi cha wati 15 kwa saa hizo hizo, 75. Kompyuta ya wati 60 kwa saa 4, 240. Ruta ya wati 10 ambayo haizimwi, 240. Simu nne, kama 60. Pampu ya wati 750 kwa nusu saa, 375. Friji tumeiwekea 800, lakini hiyo usiichukue kwetu wala kwenye kibandiko: tafuta mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, iache saa 24, kisha uisome. Friji kuukuu yenye mpira wa mlango uliolegea inaweza kula mara mbili ya hapo. Jumla ni wati-saa 2,400, yaani yuniti 2.4 kwa siku.

Betri, waya, joto na inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa soketi) huchukua fungu lao njiani. Gawanya 2,400 kwa 0.75 upate 3,200; hicho ndicho paneli zinapaswa kutoa. Sasa jua. Saa moja ya jua kamili ni mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita mraba kwa muda wa saa moja. Januari na Februari Njoro hupata saa nyingi, ila mfumo hupangwa kwa mwezi mbaya, na kwenu Julai na Agosti mawingu hukaa. Tunapanga kwa saa 4. Basi 3,200 ukigawanya kwa 4 ni wati 800. Paneli mbili za wati 450 zinafikisha hapo bila akiba. Paneli nne zinakuachia nafasi ya kuongeza kifaa na kuvuka siku tatu za mawingu.

Tatu usinunue, na sababu ni muhimu. Paneli ya wati 450 ikiwa haijabebeshwa mzigo huwa na volti 49.5 hivi. Ukiunga tatu mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, unapata 148.5, na kontrola ya MPPT (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia betrini) iliyoandikwa volti 150 inaonekana inatosha. Lakini namba ya kwenye kibandiko imepimwa seli zikiwa na nyuzi 25. Paneli ikipoa, volti zake hupanda kwa karibu asilimia 0.28 kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya nyuzi 8, ambayo Njoro si ajabu, zile 148.5 huwa karibu 156, na kontrola huungua jua linapochomoza, wakati mwenye nyumba bado amelala. Mbili mfululizo hufika volti 104 tu. Ukiwa na nne, unga mbili mfululizo, kisha jozi hizo mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Angalia na upande wa pili: inverta nyingi za kisasa zenye kontrola ndani yake haziamki kabla ya volti 120. Kwa inverta ya namna hiyo, paneli mbili hazitaiamsha kamwe. Zinatakiwa nne mfululizo. Soma ukurasa wa vipimo kabla ya kulipa.

Betri za gari ziondoe kwenye orodha. Zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, halafu zijazwe papo hapo. Ukizishusha hadi nusu kila usiku zitakufa baada ya miezi. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina wati-saa 5,120. Ukitumia asilimia 80 na kutoa hasara ya inverta, zinafika 3,686 kwenye soketi, yaani siku moja na nusu ya matumizi yako. Kufikia hapo kwa betri za asidi za sola za volti 12 na ampea-saa 200 unahitaji nne mfululizo, kwa sababu hizo huteremshwa nusu tu. Bei ya kwanza ya asidi ni ndogo, lakini utazibadilisha mapema.

Inverta iwe ya kilowati 3, ya wimbi safi. Vitu vyako vyote vikiwaka pamoja havizidi wati 1,100 sana, lakini mota ya pampu ikianza huvuta mara tatu hadi sita ya wati zake kwa nukta chache. Hapo ndipo inverta ya wati 1,500 huzima na kupiga kelele, na mwenyewe akadhani betri imeharibika. Kati ya betri na inverta weka waya wa shaba wa milimita mraba 35, mfupi iwezekanavyo, na fyuzi ya ampea 125 karibu kabisa na betri.

Sasa huo mtambo. Kilowati 1 iliyoandikwa mara nyingi ni ya upepo wa mita 12 kwa sekunde, upepo wa kutikisa matawi makubwa. Nguvu ya upepo hufuata mwendo wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Upepo wa mita 4 ni theluthi ya 12. Theluthi mara theluthi mara theluthi ni sehemu moja ya 27. Kilowati yako imekuwa wati 37. Kwa mita 3 ni wati 16, kama mapanga yamezunguka. Tena Njoro iko juu ya mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya usawa wa bahari, na kibandiko hicho kiliandikwa kwa hewa ya bahari.

Ushauri wetu: pesa za mtambo zinunue paneli mbili za ziada, na kazi umpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Ukija kuongeza upepo siku za usoni, mifumo inayochanganya vyanzo ni ya fundi wa daraja la T3. Mwombe akuonyeshe leseni, na usione haya kuisoma tarehe.

Ziwa liko hapa, upepo upo. Nitajuaje kama unatosha?

*Niko Dunga, Kisumu. Alasiri upepo wa ziwani hupeperusha nguo kambani. Shamba limeachwa wazi na mahali pa mlingoti ni mita 40 kutoka nyumbani. Je, huku nako mtasema paneli tu? – Mama Achi, Dunga*

Mama, wewe una sababu ya kuuliza kuliko wengi. Upepo wenu una tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na hewa ya baridi kutoka ziwani huingia kuziba pengo. Usiku nchi hupoa na upepo hugeuka, kwa kawaida ukiwa dhaifu. Katikati, hasa asubuhi, kuna utulivu. Kwa hiyo upepo wa ziwani ni mtoto wa jua. Siku ya wingu zito nchi haipati joto, na upepo huo nao hulegea. Watu hununua mtambo ili uwaokoe siku paneli zimeshindwa, kumbe kando ya ziwa mara nyingi vyote viwili hupungua pamoja. Faida yake ya kweli kwenu ni ile ya jioni, paneli zikiwa zimechoka na ninyi mmeanza kuwasha taa.

Chukua mtambo wenye mapanga ya kipenyo cha mita 2. Mduara wake ni mita mraba 3.14. Hewa ya Kisumu ina uzito wa kilo 1.04 hivi kwa mita ujazo. Nguvu iliyomo katika upepo ni nusu ya uzito huo, mara mduara, mara mwendo mara mwendo mara mwendo. Sheria ya Betz inasema hakuna mapanga yanayoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo. Mitambo midogo ya nyumbani, ukitoa hasara zote hadi betrini, tunaihesabia asilimia 25. Kwa mita 5 kwa sekunde unapata wati 51. Kwa mita 7, wati 140. Kwa mita 3, wati 11.

Sasa tazama hatari ya wastani. Upepo wa mita 5 kwa saa 6 mfululizo hutoa wati-saa 306. Lakini saa 3 za mita 7 na saa 3 za mita 3, ambazo wastani wake ni ule ule 5, hutoa 453. Ndiyo maana mtu anayekwambia wastani wa mwaka peke yake hajakwambia kitu. Unachotaka kujua ni saa ngapi kwa siku upepo unapita mita 5. Na hata hizo 453 ziweke kando ya paneli moja ya wati 450, ambayo Kisumu kwa saa 5 za jua hutoa karibu 1,700.

Kwa hiyo pima. Nunua kipima-upepo cha vikombe chenye kuhifadhi rekodi, kifunge juu ya bomba kwa kimo kile kile utakachoweka mtambo. Kukishika mkononi ukiwa umesimama uani hakukufai kitu, kwa sababu karibu na ardhi upepo husuguana na nyasi, ua na mabanda. Mahali pa wazi, ukipanda kutoka mita 6 hadi 12, mwendo huongezeka kwa asilimia 10 hivi na nguvu kwa theluthi nzima. Penye miti ongezeko ni kubwa zaidi, kwa kuwa chini huko ulikuwa umefichwa. Rekodi angalau mwezi mmoja wa kiangazi na mwezi mmoja wa mvua. Mwaka mzima ni bora. Wakati unasubiri kifaa, macho yatakusaidia kubahatisha: majani yakinong'ona tu na ukiusikia upepo usoni, ni chini ya mita 3.4. Bendera nyepesi ikinyooka na vijiti vidogo vikicheza bila kukoma, uko kati ya 3.4 na 5.4. Vumbi na karatasi zikiinuka, umepita 5.5. Andika saa ilipoanza na ilipokoma, kila siku.

Rekodi ikionyesha saa tano au sita za zaidi ya mita 5 siku nyingi za mwezi, mtambo una kazi kwako. Usiwe juu ya nyumba. Paa huvuruga upepo ukawa wa mizunguko, mapanga yakahangaika kugeuka, na mtetemo ukashuka kwenye mbao hadi misumari ya mabati ikalegea. Uwe kwenye mlingoti wake, mapanga yakiwa mita 9 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 100. Mlingoti uwe wa kulala kwa bawaba chini, ili hakuna mtu anayeukwea kufanya matengenezo. Nyaya nne za chuma ziushikilie pande nne, vigingi vyake vya zege vikiwa mbali na kitako kwa angalau nusu ya kimo. Kaza nati zote baada ya wiki ya kwanza, kisha kila miezi sita. Mlingoti mrefu karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu unahitaji idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Omba kabla ya kumwaga zege.

Na zile mita 40 zisikusahaulie waya. Mtambo wa volti 24 ukisukuma ampea 20 katika waya wa milimita mraba 6, kwenda na kurudi unapoteza volti 4.6, karibu moja ya tano ya jasho lake lote. Kwa waya wa 25 unapoteza 1.1. Ama nunua shaba nene, ama uchague mtambo wa volti 48: ampea zinapungua nusu, na hasara ya wati inakuwa robo.

Panga la mtambo limeruka. Kosa liko wapi?

*Niko Gilgil, ambako upepo si haba. Mtambo wangu wa wati 600 umefungwa kwenye kontrola ya sola, kwa sababu fundi alisema umeme ni umeme. Siku moja ya upepo mkali betri zilikuwa zimejaa. Mtambo ulianza kulia kama ndege, kisha panga moja likakatika na kuanguka shambani kwa jirani. Nashukuru halikumpata mtu. – Msomaji, Gilgil*

Ndugu, pole, na tunashukuru pamoja nawe. Kosa ni ile kontrola, na tunataka kila mwenye mtambo asome jibu hili.

Paneli ya sola ikikatwa kutoka kwa betri haidhuriki. Inakaa juani na volti zake. Kwa hiyo kontrola ya sola ikiona betri imejaa, hukata. Mtambo wa upepo ni tofauti. Kinachoyazuia mapanga yasikimbie ni umeme wenyewe unaotoka: sumaku zinavuta dhidi ya nyaya za shaba, na mvuto huo ndio breki. Ukikata umeme, breki imekwenda. Upepo unaendelea kusukuma, mapanga yanaongeza mwendo hadi ncha zake zinapiga kelele, na nguvu ya kuyang'oa kutoka kwenye kitovu huongezeka kwa mwendo mara mwendo. Lililobaki ni bolti ipi itakayoshindwa mwanzo. Jambo hilo hilo hutokea fyuzi ya betri ikikatika au mtu akichomoa betri kuisafisha.

Unahitaji kontrola ya upepo yenye hita ya kumwagia umeme wa ziada. Betri ikijaa, umeme huelekezwa kwenye hita, na mtambo hubaki umebebeshwa mzigo. Kwa wati 600 kwenye betri za volti 24 zinazochajiwa hadi 28.8, zidisha 28.8 kwa 28.8, gawanya kwa 600: upinzani ni omu 1.38. Nunua omu 1.3 au chini kidogo, yenye uwezo wa wati 1,200, kwa sababu dhoruba haisomi kibandiko. Ifungwe ukutani kwenye chuma au zege, mbali na mbao, mapazia na betri. Hita hiyo hufika joto la kuunguza ngozi. Wapo wanaoielekeza kwenye tangi la maji ya kuoga, na ni wazo zuri mradi tangi liwe na njia ya mvuke na liwe na maji siku zote.

Weka pia swichi ya breki, inayounganisha pamoja nyaya tatu za mtambo. Ifunge upepo ukiwa mdogo, kabla ya dhoruba au kabla ya kugusa betri. Ukiifunga mapanga yakiwa katika mwendo mkali unaweza kuunguza shaba ndani. Kati ya mtambo na kontrola pasiwe na breka ya kawaida inayoweza kuachia njia wazi. Utaratibu wa kuunganisha ni betri kwanza, paneli pili, mtambo mwisho. Kuvua ni kinyume: breki ya mtambo, paneli, betri.

Usinunue panga moja la kujazia. Mapanga huuzwa seti yakiwa yamelinganishwa uzito. Tofauti ya gramu chache huutikisa mlingoti mzima.

Radi imeunguza kontrola mara mbili kwa mwaka

*Hapa Kakamega radi haituachi. Paneli ni nzima, ila kontrola na inverta zimekufa mara mbili. Fundi ameweka kikinga cha volti 1,000. – Mwalimu wa Lurambi*

Mwalimu, volti 1,000 ndiyo shida. Kikinga hicho, ambacho mafundi hukiita SPD, hakianzi kupitisha umeme ardhini mpaka volti zipite kiwango chake kwa mbali. Paneli zako zikiwa za volti 100 na kontrola ikivumilia 150, kontrola hufa kikinga kikiwa bado kinangoja. Tafuta cha mkondo mnyoofu (DC) ambacho kiwango chake kiko juu kidogo tu ya volti za paneli asubuhi ya baridi. Kingine kiwe upande wa soketi, na kama una mtambo wa upepo, cha tatu kwenye nyaya zake.

Waya wa kwenda ardhini uwe wa milimita mraba 16, ulionyooka. Umeme wa radi huchukia kona na vizingo; fundi akiviringisha waya uliobaki ili upendeze, ameufungia mlango. Kati ya kikinga na waya huo wa ardhini, yaani wa ethi, pasizidi nusu mita. Fremu za paneli, mabati, mlingoti na kabati la inverta vyote viungwe kwenye ethi moja. Ethi mbili zisizoungana huleta tofauti ya volti, na tofauti hiyo hupita ndani ya vifaa vyako. Fundi apime upinzani wa ardhi, ushuke chini ya omu 10. Usiposhuka, ongeza fimbo nyingine ya ethi ardhini, ukiziachanisha kwa urefu wa fimbo moja au zaidi. Nyaya chanya na hasi zipite pamoja, zikigusana, kwa sababu pengo kati yao huwa kitanzi cha kunasa umeme hata radi ikipiga mbali. Kidirisha cha kikinga kikigeuka chekundu, badilisha siku hiyo. Radi ikipiga nyumba yenyewe, hakuna kikinga kitakachookoa vifaa. Dhoruba ikikaribia, zima breka za pande zote mbili, na mtambo wa upepo ukiwepo, ufunge breki.

Paneli zielekee wapi?

*Wengine wanasema kaskazini, wengine kusini. – Msomaji, Mumias*

Mko karibu kabisa na ikweta. Juni jua huwa upande wa kaskazini, Desemba kusini, kwa hiyo pande zote mbili zinafaa. Ziinamishe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe. Zikilala kabisa, tope hukaa ukingoni. Kivuli ndicho cha kuogopa. Tawi moja la mwembe juu ya paneli moja hupunguza zote zilizoungwa nayo mfululizo.

Betri mpya kando ya za zamani, na stima ya Kenya Power

*Nina betri mbili za asidi za miaka mitatu. Naweza kuongeza mbili mpya? Na je, stima ikipotea nichomeke inverta kwenye soketi ili nyumba nzima iwake? – Kijana wa Bondo*

Kijana, la kwanza: usiongeze. Betri kuukuu ina upinzani mkubwa ndani. Ikiungwa mfululizo na mpya hujaa mapema ikachemka, huku mpya ikiwa bado na njaa. Ndani ya miezi zote nne zitalingana na ile mbovu zaidi. Lithiamu na asidi ndiyo usizichanganye kabisa, maana volti zao za kujaa hazifanani.

La pili, tafadhali usifanye hivyo hata mara moja. Inverta iliyochomekwa kwenye soketi husukuma umeme kupitia mita hadi nguzoni, na transfoma huupandisha hadi maelfu ya volti. Fundi wa laini anayekarabati, akiamini stima imekatika, atashika waya ulio hai. Na stima ikirudi inverta ikiwa bado imechomekwa, itaungua. Weka swichi ya kubadilishia yenye nafasi tatu: stima, sifuri, inverta. Iwe ya kukata nyaya zote mbili, laini na nyutro, na ifungwe baada ya mita, kabla ya kabati la breka. Kwa nyumba ya kawaida ya fezi moja, ya ampea 63 inatosha.